Mstari wa Mzee Chilewa

Juzi, pale Area D, mgombea mmoja alinguruma kwenye kipaza sauti kwamba kura ya tajiri na ya maskini ni sawa. Nilitema mate.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni kule Gulwe, vumbi likinuka samadi, watu wazima wakichagua mwenyekiti wa kitongoji kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Bibi, aliyekuwa akimsengenya Mzee Chilewa, mmoja wa wagombea, kila jioni, alikimbilia nyuma yake, akawa wa kwanza.

“Bibi, kumbe unampenda?”

“Mvua ikinyesha tutalima na ng'ombe wa nani?” alininong'oneza.

Chilewa alikuwa amegeuza shingo, akitutazama mmoja mmoja, taratibu. Mimi nikadhani anatusalimia, nikamwamkia shikamoo.