Safari ya Kumrudisha Musa

Niliondoka Nairobi kwa sababu jirani yangu wa Majengo, dereva wa lori, alirudi kutoka Kampala na habari mbaya: shoga yangu Hidaya amechoma kitabu chake na ameapa hashiki kalamu tena. Hidaya na mimi ni waandishi wa hadithi za mapenzi. Wanaume hutucheka barazani, kisha hujifungia chumbani wakazisoma. Hadithi yangu ya kwanza ilipokataliwa na kila mchapaji niliyemwendea, Hidaya aliichukua akaisambaza katika soko la Nakivubo, anakouza vitambaa, mpaka jina langu likajulikana huko kabla halijajulikana mtaani kwangu. Sasa zamu ya kusaidia ilikuwa yangu.

"Watu wanaikimbia Uganda, wewe unaikimbilia," alisema mama.

Nikamwambia akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Akajibu kwamba methali haizuii risasi. Alisema kweli, lakini nilikwenda.

Jioni, stesheni ya Nairobi, nilipanda treni na kikapu cha vitu vilivyoadimika kule: sukari, chumvi, sabuni. Chini kabisa mwa sanduku langu, ndani ya kanga, nilificha karatasi tupu. Namjua Hidaya. Ukimwendea bila karatasi, atakwambia angeandika lakini hana karatasi.

Asubuhi, tulipovuka mpaka wa Malaba, wanajeshi walipanda kupekua. Mmoja mrefu, bunduki begani, alisimama mbele yangu.

"Fungua! Hii nini?"

"Karatasi, afande."

"Karatasi mingi hivi ya kazi gani? Wewe naandika habari ya serikali?"

Siku zile za utawala wa jeshi watu walipotea kwa karatasi moja tu yenye maneno yasiyopendeza.

"Naandika hadithi za mapenzi," nilisema.

"Iko siasa ndani?"

"Hamna, afande. Machozi tu."

Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua vipande viwili vya sabuni, akavinusa, akaenda zake. Tororo ndipo nilipokumbuka kwamba sijala tangu jana. Tulipovuka mto pale Jinja, ambamo ilisemekana maiti hutupwa, hakuna abiria aliyechungulia dirishani, nami sikuchungulia.

Alasiri nikafika Kampala. Hidaya alinikumbatia stesheni akasema, "Banange, jamani, umekonda!"

"Na wewe umenenepa kwa uvivu," nikamjibu. Tulicheka, lakini macho yake yalikuwa yamevimba.

Nyumbani kwake Naguru alinisimulia yaliyotokea. Wanajeshi walikuja nyumba ya jirani, wakamwaga kila kitu uani. Hidaya akaona nyumba itakayofuata ni yake. Sigiri ilikuwa na moto, basi akatia humo hadithi nzima, nakala pekee aliyokuwa nayo.

"Wakaingia kwako?" niliuliza.

"Hawakuingia, dada. Walipanda gari lao wakaondoka." Alifunika uso kwa mtandio. "Nimekichoma bure."

Hilo lilimuuma, lakini la pili lilimuuma zaidi. Kila Ijumaa alikuwa akiwasomea sura moja mafundi cherehani wa Nakivubo, nao wakishona, ili apitaye asione ila wanawake kazini. Hadithi ilikuwa ya Zubeda na mchumba wake Musa, aliyetoka asubuhi moja kwenda bandari ya Port Bell asirudi. Sura ya mwisho ilikuwa bado haijasomwa. Hidaya aliona aibu kuwakabili wasomaji wake mikono mitupu, hivyo akawa anapita njia ya nyuma ili baraza ya mafundi isimwone.

"Na Musa mwisho wake nini?" niliuliza.

"Alizama ziwani. Siku hizi nani anarudi, Rukia? Nisiwadanganye watu."

Nikamwambia tu kwamba kesho ni Ijumaa, kwamba sisi tumelishwa na wasomaji miaka yote, na kesho tutawanywesha sisi chai yenye sukari. Alikataa mara tatu, kisha akauliza sukari ni kiasi gani.

Ijumaa, Nakivubo, tulipita kati ya makelele ya wachuuzi na makondakta, mimi na birika, yeye na vikombe, miguu yake ikizidi kuwa mizito. Nakato, mkubwa wa mafundi, alipomwona aliangusha gomesi, vazi la Kiganda alilokuwa akilishona.

"Hidaya! Nyabo, dada yangu, sisi tulijua wamekuchukua!"

Mafundi wote wakamvamia, huyu anamshika uso, yule mikono, wakilia kwa sauti ndogo kama watu waliozoea kulia hivyo. Kumbe wiki zote alizojificha kwa aibu, wao walikuwa wakimwombea dua. Kuuliza waliogopa, maana aliyeuliza habari za aliyepotea alipotea naye.

"Nimechoma kitabu," Hidaya alisema.

"Kweri?" Nakato alimpiga bega. "Sisi tunalilia mtu, wewe unaona aibu ya kalatasi! Kitabu tunacho. Kaa hapa."

Chai ikamiminwa. Nakato akaanza sura ya kwanza kwa kichwa. Aliyemfuata akamsahihisha rangi ya gauni la Zubeda, wakabishana, wakapatana, wakaendelea. Mimi nilitoa karatasi zangu nikaandika mpaka vidole vikakakamaa. Furaha niliyokuwa nayo ilinifanya niharibu mwandiko.

Mara akapanda barazani mwanamke mwenye sare ya magereza. Nilifunika karatasi kwa kanga, lakini mafundi walisogea tu kumpa nafasi mkekani. Alikuwa Koplo Zamzam, Mnubi, mlinzi wa wafungwa wanawake kule Luzira. Alikuja mara ya kwanza kupunguziwa sketi, akakuta inasomwa hadithi, na tangu hapo hakukosa Ijumaa.

Hakukaa. Alimwangalia Hidaya.

"Musa iko wapi?"

Hidaya aliinamia chai yake.

"Mimi nasikia hapa, naenda kuambia wanawake kule ndani. Kila siku wananiuliza, Musa amerudi? Mimi nasema bado."

"Wao wanataka nini?" Hidaya aliuliza polepole.

"Wanasema arudi. Hata kama anachelewa."

Cherehani zilikuwa zimesimama. Hidaya aliweka kikombe chini, akaninyooshea mkono.

"Rukia, nipe karatasi."

Jumatatu alinisindikiza stesheni, wino bado vidoleni. Zamzam alikuwa ameipeleka sura mpya ya mwisho, Musa akirudi, Luzira kichwani mwake, na kule ndani, alituambia, vigelegele vilipigwa hata walinzi wengine wakaja mbio kutazama kuna nini.

Treni ya kurudi ilikwama Tororo, ikakwama tena Nakuru, na nilifika Majengo siku nzima baada ya siku niliyomwahidi mama. Zamani niliona hadithi ambayo mpenzi anarudi ni sukari ya kuwapoza wasomaji, nami niliwatilia kwa kijiko kikubwa, nikicheka pembeni. Nilipokata kona ya nyumbani nilimwona mama amesimama mlangoni. Hakuulizia Kampala, wala Hidaya. Alinishika mikono yote miwili, akaipapasa mpaka viwikoni.

"Umechelewa," alisema.