Foleni ya Madebe

Mimi na mwenzangu tulijifungia chumbani Kitale miezi minane, tukitengeneza programu ya simu ya kuwaokoa akina mama na foleni ya kusaga mahindi. Hatukumuuliza mama yeyote, hata mamangu, ambaye husaga kila Jumamosi. Si tulikuwa na digrii?

Tulienda kuizindua kwenye mashine ya kusaga huko Bumula, tumevaa fulana mpya. Foleni ilikuwepo, tena ndefu, ila ilikuwa ya madebe ya mahindi. Wenyewe walikuwa wameyaacha kwenye mstari wakaenda sokoni.

Nilimweleza mwenye mashine jinsi programu yetu inavyomshikia mtu nafasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaligusa debe la kwanza kwa mguu.

“Hii pia inashika nafasi, bana,” akasema. “Na haiishi chaji.”