Tumewafunga Mbili Bila Kucheza

Leo tumeshinda mechi bila kugusa mpira, na sina hamu ya kusherehekea.

Hii mashindano ya vilabu vya vyuo iko hivi: kila kundi lina timu tatu, na ni moja tu inaingia nusu fainali. Ukichelewa dakika kumi na tano, umefungwa mbili bila.

Timu ya Sigor, wapinzani wetu wa mechi ya mwisho ya kundi, ikachelewa.

Refa akaniuliza, "Kapteni, tuwaongezee dakika tano?"

Na huu mdomo wangu: "Sheria ni sheria, refa."

Akapuliza kipenga. Tukaruka, tukaimba, nikapiga selfi. (Nimeifuta, msiitafute.)

Kidogo tu, tukawaona wakikimbia kutoka kwa shamba la majani chai, matope mpaka magotini. Nikacheka. Ukweli wa Mungu, nilicheka.

Nyuma yao ikaingia lori ya mashabiki wetu. Mamangu akashuka wa kwanza, kutoka kiti cha mbele.

"Hawa vijana wabarikiwe! Tulikwama pale chini, wakaacha safari yao wakatusukuma mpaka tukatoka. Mechi inaanza saa ngapi?"

Nikamwangalia refa. Alikuwa ameshaandika matokeo.

Nikaenda kwa kapteni wao niombe msamaha. Kabla nifungue mdomo akaniuliza, "Yule mama wa kiti cha mbele yuko sawa? Alikuwa anaogopa sana."

Wasee, mngemjibu nini? Mimi nilisema tu, "Kongoi," asante ya kwetu, nikaangalia viatu vyangu. Vilikuwa safi.

Tumeingia nusu fainali, na ni kesho. Mama amesema haji.