Chungu cha Moto wa Mama Mkwe

Kabla sijaota ndevu, baba alinichukua tukanunue chumvi Ivuna. Joto la kule na nzi wake sijawasahau, ila nzi tuwaache. Tulishinda njaa na unga tunao. Makaa tuliyobeba yalizimika njiani, na baba alikataa kuomba moto kwa watu asiowajua. Nilimwona mjinga kabisa.

Miaka ikapita, nikaoa, nikamsahau baba na moto wake. Mke wangu akajifungua mtoto wa kwanza zahanati, huku Mbozi. Damu ilimtoka nyingi. Nesi, mwanamke mgeni wa upande wa Nyasa, akasema asipokula hatainuka, wala maziwa hayatatoka. Siku ya pili mke wangu bado anaupa uji kisogo.

Dresa, mfunga vidonda wa pale, mtu mzima na viatu vyake vinang'aa, akamgombeza. "Umekuja kuzaa au kugoma?"

Nesi akaketi mkekani na mama mkwe wangu. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nimewapa mgongo, maana kwetu mkwe hatazamwi.

"Mama, uji wetu una kosa gani?"

"Uji hauna kosa, mwanangu. Ni moto. Mpishi wenu kalala na nani, kajitakasa lini? Mzazi akila cha moto huo, mtoto atakohoa mpaka afe."

Dresa akacheka. "Moto ni moto. Hata jehanamu hawaulizi umetoka jiko gani."

"Ukifika utatuambia," mama mkwe akamjibu.

Nesi akainuka. "Basi leteni moto wenu. Nyuma ya jengo mawe ya kupikia yapo."

Nilikimbia hadi nyumbani kwa mama mkwe, kijiji cha Hasamba. Ni mjane, moto wake safi, na gogo lilikuwa bado linafuka. Nikatia makaa chunguni, nikayafunika majivu, nikarudi napuliza kila kilima. Nikakiweka chungu juu ya kichuguu, nikakohoa ili mkwe ajue, nikajificha kwenye mibuni.

Mke wangu alimaliza bakuli tatu za uji uliopikwa kwa moto ule, akauliza kama umebaki. Jioni maziwa yalilowesha shuka, na nesi mwenyewe akapiga kigelegele. Mtoto yule leo ana wajukuu.

Haikupita wiki, wazazi wengine wakaja na vyungu vyao, moshi ukawa unapanda nyuma ya zahanati kama kijijini. Nesi akamwomba dresa awe anazoa majivu.

Dresa akautazama ufagio. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akashika njia ya Tunduma. Hakurudi tena.