Siku Mtambo Wangu Ulipotoa Maji Meusi

Jamani, kama ni kucheka chekeni sasa hivi, maana nikishaanza kusimulia sipendi kukatizwa. Ndiyo, ni mimi. Yule mama wa meno meusi kwenye ile video iliyozunguka Mwanza nzima ni mimi, Kabula, fundi wa mradi wetu mdogo wa maji huku upande wa Butimba, ninayeijua kila pampu kwa mlio wake.

Mtambo wenyewe lazima niwaeleze, kwa sababu nauonea fahari hata leo. Maji ya ziwa tunayachuja kwa mchanga, tunatia klorini, vijidudu vinakufa, sawa. Lakini kuna kemikali za viuatilifu vya mashambani, za plastiki, za vidonge tunavyomeza halafu tunavikojoa, ambazo klorini haiziwezi, na zikiingia mwilini zinajifanya homoni, zinavuruga uzazi na ukuaji wa watoto. Sasa sisi tukapata tangi la mkaa (si huu wa kuchomea nyama, ni mkaa uliotengenezwa maalumu kwa vifuu vya nazi), maji yakipita humo zile kemikali zinanasa. Tangi hilo tulilijaza kwa mikono yetu, mimi na Rashidi wa pampu.

Tatizo mtaani walisikia neno homoni tu, basi ikawa habari ya mjini: eti tunatia dawa ya uzazi wa mpango kwenye maji, mabinti hawatazaa! Wanawake wakaanza kurudi ziwani na ndoo zao, kule kwenye kichocho. Ndiyo ikapangwa siku waje wajionee, wakiongozwa na Bibi Nyanzala, mkunga wa zamani aliyezalisha nusu ya mtaa, ambaye akisema msinywe basi hakuna atakayekunywa, na waliotupa tangi wangelipeleka kwingine.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mkaa mpya una vumbi, unauosha kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu, unarudia na kurudia mpaka yatoke meupe. Niliosha mara ya kwanza, nikaosha mara ya pili, ya tatu nikatazama saa nikakumbuka saluni wananisubiri na blauzi yangu nyeupe haijapigwa pasi, nikamwambia Rashidi, "Funga, imetosha."

"Dada Kabula, tufungue bomba kidogo tuone."

"Thubutu! Maji ya kwanza atachota Bibi mwenyewe."

(Kiburi hicho. Mama yangu alishanisema sana juu yake.)

Wageni wakafika, uwanja ukajaa. Nikahutubia, fimbo mkononi, naonyesha bomba hili na lile, sauti imepanda kama mgombea udiwani. Kisha nikampa Bibi Nyanzala glasi, akafungua koki, na watu wote wakaona yakitoka maji meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Simu zote juu.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema taratibu, "haya ndiyo mmeyasafisha?"

"Ni vumbi la mkaa tu, bibi, halidhuru."

"Halidhuru?"

"Hata kidogo!"

"Basi onja. Kwenu nani anamkaribisha mgeni kinywaji bila kutangulia yeye?"

Hapo nilikwisha, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mwenye kukaribisha anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Kuonja tone kungetosha, lakini mimi na sifa zangu nikaibugia glasi nzima, halafu nikatabasamu. Mungu wangu! Mtu akapiga kelele, "Ametafuna betri huyo!" na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Rashidi, ambaye nilidhani ni ndugu yangu.

Kicheko ningekimeza. Kilichoniuma ni mwanamke mmoja mjamzito, akaokota ndoo yake akasema, "Si niliwaambia?" akaelekea ziwani. Nikaona anakwenda kunywa yale yale tuliyohangaika kuyasafisha, kwa sababu ya nywele zangu.

"Dada, subiri!" nikamwita. "Mtambo hauna kosa. Mwenye kosa ni mimi, sikuuosha mkaa mpaka mwisho, nilikimbilia saluni. Kaeni muone."

Nikavua viatu, Rashidi akawasha pampu, nikaosha mbele yao. Maji machafu yakanirukia, blauzi ikawa ya muuza mkaa, nywele ndiyo usiseme, lakini hakuna aliyeondoka. Meusi yakawa kijivu, kijivu ikafifia, mwisho yakatoka maangavu mpaka ungeweza kusoma gazeti ng'ambo ya glasi. Nikaonja.

"Na ile dawa ya uzazi?" Bibi akauliza.

"Hatutii, bibi. Hata ile inayofika ziwani kutoka vyooni mwetu, mkaa huu ndio kazi yake kuitoa."

Akanitazama kuanzia miguu mitupu mpaka meno. "Wengi wamekuja hapa na vipaza sauti," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kutuambia umekosea." Akanywa glasi yote, akaijaza tena, akampa yule mjamzito, naye akanywa.

Tangi bado lipo pale, na jina la Mama Masizi walilonibandika mtaani nimelipokea kwa moyo mmoja. Ila siku hizi maji ya kwanza nachota mimi, na nikiona hata punje moja nyeusi, mgeni atasubiri getini, hata awe nani.