Mgomba Nyuma ya Shuka

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki. Ndiyo maana walinitia kwenye kamati ya wakaazi wa mtaa wetu, hapa Voi upande wa mbuga. Nani anakaa nyumba gani, nani kamzaa nani, waniulize mimi. Hapa majina sitayaandika, maana wenyewe wako hai na watasoma.

Sheria yetu kubwa iko kwenye ubao getini: hakuna migomba, hakuna miwa, hakuna matikiti. Ndovu mmoja alinusa ndizi jikoni kwa mtu akaubomoa ukuta kama mkate, mama na watoto wako chini ya kitanda. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema, iandikwe!

Basi nikaona jirani yangu, mjane aliyekuwa mpishi wa shule, ameanika shuka nyuma ya nyumba. Kesho yake shuka. Keshokutwa shuka zile zile. Nikajiuliza, maji yetu ni ya mgao, huyu anafua na nini? Upepo ukavuma, jani likachungulia. Mgomba! Tena na mkungu wake!

Tulimwonya mara mbili, mgomba ukabaki pale pale. Jumamosi asubuhi tukaenda na jembe, mimi na mwenyekiti wetu ambaye ni mwenye duka, mtu wa pwani mwenye adabu zake.

"Bi mkubwa, tuwie radhi," mwenyekiti akasema. "Ndovu hasomi ubao."

"Ning'oeni na mimi basi!" Akakaa chini akaukumbatia mgomba.

"Wewe mwanamke, inuka, utachafua leso," nikamtania. Hakucheka. Akaniambia ule mche aliutoa Ronge, kule milimani, kwa mama yake, siku chache kabla shamba halijauzwa. Mwenye shamba mpya aling'oa yote akajenga.

"Mkiung'oa huu, mgomba wa mama umekwisha. Hakuna mwingine."

Mwenyekiti akaniangalia. Mimi naangalia jembe. Sheria ni yangu, na wale watoto wa chini ya kitanda bado wanalia wakisikia mbwa akibweka. Hapa kwetu usibaki hata mzizi.

"Upeleke Ronge," nikasema.

"Kwa nani? Watu wangu wote wamekufa."

"Nani kakudanganya?" Hapo kichwa changu kikawaka! Ronge nako nakujua, nikaanza kuitaja kutoka barabarani, nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, huyu kafa, huyu kahamia Chala, huyu mtoto wake ni mwalimu, nateremka mpaka kijitoni. Nikalitaja jina la msichana aliyekaa naye dawati moja shuleni.

Akauachia mgomba. "Yule? Yuko hai?"

"Yuko hai na ana simu! Bado anakaa Ronge, siku za soko ndiyo huleta mboga hapa Voi, namba ninayo!"

Nikapiga, nikaweka sauti juu. Nikaeleza. Kule upande wa pili ukatoka ukelele uliotufanya sote turuke. "Mgomba wa mama yake? Ule tulikuwa tunaiba ndizi zake tukitoka shule? Uleteni! Shimo nachimba saa hii!"

Jirani yangu akamnyang'anya mwenyekiti jembe. Akachimba mwenyewe, analia, anacheka, anatutukana. "Polepole huo mche, we mwenye duka, hujui kushika kitu!" Na mwenyekiti wa watu, kanzu nyeupe imeingia udongo mpaka magotini, anasema tu, "Naam, bi mkubwa. Naam." Tulipata miche mitatu pale shinani, tukaifunga kwenye gunia lililoloweshwa, tukaipandisha kwenye gari la abiria, Probox inayokwenda Ronge. Mimi nikabaki nachokoa shimo kwa kijiti nisiache kitu. Mkungu tukaugawa mtaa mzima, tukaambiana upikwe mchana ule ule, usilale ndani.

Alasiri simu ikalia: imepandwa yote mitatu, karibu na kijito.

Nilifikiri jirani yangu atashukuru. Akakunja uso.

"Karibu na kijito wapi? Juu au chini? Mama hakupanda chini hata siku moja, maji yanaozesha." Akaingia ndani, akatoka na kikapu na viatu vya kupandia mlima. "Kesho alfajiri naenda kuwaonyesha. Na wewe unakuja, maana mimi sijui nyumba ni ipi."