Kifua cha Adelfa

“Elfu nane na mia tano nimelipa, na risiti ninayo! Sasa mnaniambia nirudi Jumatatu, na kwa nini hamsemi. Mnadhani kwetu Umingan iko hapo uvunguni mwa meza yenu?”

Adelfa Cabanting alikuwa ameegemea kaunta ya kliniki kwa viwiko vyote viwili, na foleni nzima nyuma yake ilikuwa imenyamaza isikose neno. Msichana wa kaunta, mwenye kope za bandia ndefu kama ufagio, hakuinua hata kichwa.

“Mama, punguza sauti. Wenzako wanasubiri kupimwa presha hapa. Ikipanda kwa ajili yako, wanafelishwa.”

“Ipande! Mimi nimetolewa damu, nimekojoa kwenye kikopo, nimepigwa picha ya kifua mara mbili. Wenzangu wote mara moja, mimi mara mbili. Mashine yenu ikiwa mbovu, gharama ya kulala Manila siku tatu zaidi analipa nani?”

“Mashine ni nzima, mama.” Hapo sasa msichana alimtazama, na sauti yake ikalainika, jambo lililomtisha Adelfa kuliko yote. “Daktari anakuita chumba namba nne.”

Adelfa aliondoa viwiko kaunta. Ukimwona mtu anapiga kelele namna ile, jua jibu analo, ila hataki kuambiwa. Tangu alipoitwa kurudia picha, Adelfa alijua ni nini kilichoonekana. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na kwa ishirini na mitano kati ya hiyo alikuwa amekificha kile kitu hata kwa mume wake.

Daktari Villaluz alikuwa mwanamke mwembamba aliyechoka, na chai yake ilikuwa imepoa mezani. Picha ilining’inia mbele ya taa. Juu, upande wa kulia, palikuwa na alama nyeupe, ndogo kama punje ya mchele iliyoganda kwenye sufuria.

“Umewahi kuugua kifua kikuu?”

“Hapana, daktari.”

“Hata ukiwa mtoto?”

“Hapana.”

Daktari aliivuta fomu. Pale palipoulizwa swali hilo hilo, Adelfa alikuwa ameweka alama kwenye “hapana” kwa mkono uliokaza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

“Nikueleze mara moja tu,” daktari alisema. “Alama hii si ya jana. Kama ulitibiwa ukamaliza dawa, na kadi ya matibabu ipo, basi hilo ni kovu. Utatoa makohozi asubuhi tatu, tutayaotesha maabara kwa wiki nane, na yasipoota kitu unakwenda zako Kanada. Lakini ‘hapana’ hii na picha hii zikifika pamoja kwa watu wa viza, hawatakuwa na habari na mapafu. Watataka kujua kwa nini ulisema uongo. Mtu wa namna hiyo hafungiwi mlango mara moja, anafungiwa miaka. Faili lako nalishikilia mpaka Jumatatu saa nane mchana.”

Adelfa alitoka bila kuaga. Barabarani, kwenye jua kali, alianza kupiga hesabu.

Hesabu haikuwa ngumu. Shamba la mpunga la baba yake, nusu hekta iliyo nyuma ya kanisa, lilikuwa mikononi mwa binamu kwa peso laki moja na themanini. Kwa desturi ya kwao, anayekukopesha ndiye anayelima na ndiye anayekula mavuno, mpaka siku utakapomrudishia hela yake yote. Zile pesa zilikuwa zimeingia kwenye kozi ya kuuguza wazee, kwenye mtihani wa Kiingereza alioufanya mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alimwogopa yule mzungu wa kwenye kaseti, kwenye cheti cha polisi, pasi, mihuri, tafsiri, picha za pasi zilizokataliwa kwa sababu masikio hayakuonekana, na nauli ya basi ambayo hakuna mtu anayeitaja katika yale matangazo mazuri. Makao ya wazee huko Kanada yalikuwa yameandika kwamba kazi itamsubiri hadi mwisho wa Septemba. Sasa ilikuwa Juni. Akikosa, hana kazi wala shamba, na mume wake Wilmer ana pikipiki ya abiria yenye kibanda ubavuni, ambayo kibanda chake kina thamani kuliko pikipiki.

Katika nyumba ya kupanga vitanda walilala wanane chumba kimoja. Aliyekuwepo mchana ule ni Ditas, mwanamke wa mji wa Naga aliyekuwa anasubiri viza kwa mwaka wa pili na alikuwa anajua kila kitu isipokuwa namna ya kuondoka.

“Sura gani hiyo?” Ditas alimwuliza, akikatakata bamia. “Umefiwa?”

Adelfa alimweleza. Alieleza kwa kunong’ona ingawa hapakuwa na mtu mwingine, na alipomaliza aliona Ditas amesogeza sahani yake nyuma kidogo. Kidogo tu. Wenye kuficha ugonjwa ule wanakujua kule kusogeza.

“Miaka ishirini na mitano, Ditas. Sikuambukizi.”

“Nani kasema?” Ditas alirudisha sahani haraka, akiona aibu. “Sikiliza, shoga. Njia za Kanada ni tatu. Ya shule, lazima uwaonyeshe mamilioni yamelala benki, na wewe pochi yako hata mende ameihama. Ya matembezi, watakuuliza utarudi lini, na kwa sura hiyo hata mimi nisingeamini kwamba utarudi. Imebaki ya kazi, nayo inapita kifuani. Basi tafuta kifua kingine.”

“Kifua kingine kinapatikana wapi?”

“Kwa Gorio.”

Gorio alikuwa kishoka, wakala wa njia za panya, aliyefanyia kazi zake kwa mama lishe wa pembeni, mbele ya sahani ya wali na maini. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na alimwita Adelfa “mama yangu” kabla hajakaa.

“Elfu kumi na nane, mama yangu. Unahamia kliniki nyingine, siku ya picha anaingia binti yangu mmoja kwa jina lako. Ana kifua kama kioo. Mwaka huu peke yake ameingia kwa majina ya wanawake kumi na mmoja, wote wako nje wanatuma hela.”

“Na wakimwangalia sura?”

“Nani anaangalia sura? Wanaangalia mbavu.” Alicheka, maini yakaonekana mdomoni. “Lete pasi yako nianze nayo leo.”

Adelfa alikuwa na elfu ishirini ndani ya sidiria, mwisho wa mali ya baba yake. Mkono ulishakwenda kifuani. Hapo akawaza wale kumi na mmoja: wanawake kumi na mmoja wenye moyo mmoja, mbavu moja, mgongo mmoja, wametawanyika Kanada, na siku moja mtu mvivu ofisini aziweke picha mbili juu ya meza kwa bahati mbaya. Akawaza pasi yake ndani ya mfuko wa lile shati lililopigwa pasi. Woga ndio uliomwokoa. Tusimpe sifa ya uadilifu, maana hakuufikiria kabisa.

“Naomba nikajisaidie kwanza,” alimwambia Gorio, akapita mlango wa nyuma wa mama lishe na kwenda moja kwa moja kituo cha basi.

Safari ya Umingan ni mwendo wa saa tano. Zote tano alikuwa anamwogopa mtu mmoja: kikongwe mwenye miaka sabini na nane.

Alipokuwa na miaka kumi na sita, Adelfa alikohoa damu. Nana Sabel, mhudumu wa afya wa mtaa wao, ndiye aliyekuja kila asubuhi na vidonge kwa miezi sita, akisimama mbele yake mpaka vimezwe na mdomo ufunguliwe uonekane mtupu. Mama yake Adelfa alimwahidi, “Mtoto akimaliza, nitakuletea kuku.” Mtoto alimaliza. Kuku hakwenda, kwa sababu aibu ilikuja kabla yake: mama akaanza kuvuka barabara akimwona Nana Sabel, na kanisani akahamia benchi za upande mwingine. Kisha siku ya sherehe ya mji, uwanjani, Adelfa akiwa amevaa gauni la kuazima na vijana wanamtazama, Nana Sabel akauliza kwa sauti yake kubwa, “Mapafu yako je, binti?” Naye Adelfa akajibu mbele ya watu, “Simjui huyu mama.”

Wilmer alimpokea kituoni na pikipiki. Adelfa akasema amefuata cheti cha kuzaliwa, na kwamba wapitie kwa Nana Sabel kidogo, ana salamu zake. Wilmer hakuuliza. Alibaki nje anafuta kioo kilichokuwa safi.

Kikongwe alikuwa kibarazani anamenya vitunguu saumu, na majirani wawili wanamsaidia.

“Mwanao, Nana,” Adelfa alisema, akauinamia mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama wanavyowaamkia wazee kwao.

Nana Sabel aliuacha mkono ushikwe. “Wewe si ndiye usiyenijua?”

Majirani waliacha kumenya.

“Ndiye mimi, Nana.”

“Nikasema labda nimesahau sura. Nyie ingieni ndani mkachemshe maji,” aliwaambia wale wawili, waliokwenda kama wanaobebeshwa mawe. “Haya. Nani anaumwa?”

Adelfa alieleza. Kliniki, alama, fomu, Jumatatu saa nane. Alipofika kwenye ile ‘hapana’ alishusha sauti, walio ndani wasisikie. “Kituo cha afya kimeniambia kwa simu kwamba madaftari ya zamani yaliharibika kwenye mafuriko. Nana, nimekwisha.”

“Kituo!” Kikongwe aliinuka kwa hatua tatu za kulalamika, akaingia chumbani. Alikaa sana huko. Adelfa alisikia bati likianguka, kikongwe akilitukana, halafu kimya, na katika kile kimya aliliona shamba la baba yake likilimwa na binamu maisha yote. Nana Sabel alitoka na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kadi za manjano zilizofungwa kwa uzi, mtaa mzima wa waliokohoa.

“Cabanting ni la mumeo. Wewe ni Tolentino. Hii hapa.” Kadi ilikuwa na vijumba vya siku, kila kimoja na alama ya kalamu, na mwishoni muhuri na sahihi ya daktari wa wilaya. “Siku mia na themanini. Hii ya tarehe kumi na nne, daraja lilikuwa limekwenda na maji, nilivuka juu ya mgongo wa nyati wa kulimia wa mzee wetu Tata Insyong na vidonge vyako ndani ya kofia. Ukavitema. Nikakupa tena.”

Adelfa alichomoa noti ya mia tano. Kikongwe aliitazama kama kinyesi cha kuku.

“Mimi nadai kuku. Sidai noti.”

“Nitamleta, Nana. Majibu yakitoka tu.”

“Mama yako naye alisema hivyo hivyo.” Kisha, akiwa ameshika vitunguu vyake: “Nilikuwepo siku ya kumzika. Nilisimama nyuma, msinione.”

Kwenye pikipiki Wilmer aliendesha polepole mpaka karibu na kona ya kwao. “Kadi imepatikana?”

“Kadi gani?”

“Adelfa. Mama yangu alinikataza nisikuoe kwa ajili ya kifua hicho hicho. Miaka kumi na tisa nasubiri uniambie, nimechoka kusubiri.”

Alilia mpaka nyumbani, na kwa kuwa kibanda hakina mlango, Umingan yote iliona.

Jumatatu saa tano asubuhi alikuwa chumba namba nne. Daktari Villaluz aliisoma kadi mbele na nyuma, akampa fomu mpya. Adelfa akaweka alama kwenye “ndiyo.” Akatoa makohozi asubuhi tatu, akalipa tena elfu sita ambazo hazikuwa kwenye hesabu yoyote, akaenda nyumbani kungoja.

Wiki nane. Kila alipokohoa, Wilmer aliacha kutafuna. Vumbi la mpunga likimwasha koo, alikwenda kukoholea nyuma ya choo, akijichungulia kiganjani. Aliacha kuongea juu ya Kanada kabisa. Simu ikilia aliiacha ilie mara tatu, maana mpaka hapo bado hajakataliwa.

Tarehe ishirini na sita Agosti, mchana, akiwa anachambua mchele, ililia. Ni yule msichana wa kope.

“Mama Cabanting? Leo hugombi?”

“Sema, mwanangu. Nakuomba useme.”

“Hakuna kilichoota. Daktari amepeleka faili. Ukifika kule watakupima tena kifua, lakini kwa upande wetu wewe ni mzima.”

Adelfa alikaa chini, mchele ukamwagika. Viza yenyewe ilikuwa bado, na ilikuwa na hofu zake za kumtosha hadi Septemba. Lakini alinyanyuka, akamkamata tetea mwekundu aliyekuwa anamlisha tangu Juni, akamfunga miguu na kwenda naye kwapani.

Kibaraza cha Nana Sabel kilikuwa kimejaa. Ilikuwa siku ya kupima watoto uzito, na kina mama walijipanga hadi barabarani. Kikongwe alimwona toka mbali, na sauti yake ilikuwa haijapungua hata chembe.

“Mapafu yako je, binti?”

Foleni nzima iligeuka. Adelfa alihisi ule moto wa zamani ukipanda shingoni.

“Mazima, Nana!” alijibu, kwa ile sauti yake ya kaunta. “Uliyatibu wewe, na mimi ninakujua.”

Nana Sabel alimpokea kuku, akamning’iniza kwenye mzani wa watoto, akasoma namba kwa jicho moja.

“Kilo moja na robo. Kwa miaka ishirini na mitano angekuwa na vitukuu.” Alimfunga kwenye mguu wa meza, karibu na kopo la biskuti. “Deni la mama yako limekwisha. Haya, nani anafuata?”